Kilo Moja ya Nguo

Mtu akikwambia amefundisha ngumi miaka thelathini na hajawahi kukosea, usimpe hata bandeji akufunge mkono. Mimi nilianza kufundisha hapa Korogwe wakati ghala letu la zamani la katani lina paa zima, nikastaafu likiwa na nusu paa, na makosa yangu ukiyapanga kwenye mstari yanafika Mkumbara. Siku hizi nalima mahindi Misima, kwenye shamba aliloniachia baba, na nikija mjini nakaa stendi na kikombe changu cha kahawa.

Hapo stendi ndipo nilipolisikia tena lile neno. Kijana wa bodaboda alikuwa anasukuma pikipiki iliyoishiwa mafuta. Akasimama kupumua, mwenzake akamcheka: "Na wewe una pumzi za Mwanaidi." Wakacheka wote. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona Mwanaidi ulingoni, walikuwa wadogo mno. Mimi nilikuwa kwenye kona yake, na neno lile nililianzisha mimi. Kahawa ilinishinda siku hiyo.

Basi ninyi mnaovaa glovu leo, wasichana kwa wavulana, na ninyi mnaotaka ukocha kwa sababu mmeona mtu kwenye simu akipiga kelele, nisikilizeni. Nina jambo la kunyoosha kuhusu Mwanaidi. Nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia, mniwie radhi. Mzee hata akienda dukani hapiti njia moja.

Aliyenifundisha mimi kazi ni Mzee Semboja, mkata katani aliyepigana ngumi kambini kwao enzi za ujana. Alikuwa na vidole vinene na maneno machache. Mwezi mzima wa kwanza hakuniruhusu kumfundisha mtu kupiga. Alinifundisha kufunga bandeji. "Anza kwenye kifundo cha mkono," alisema, "usianze kwenye ngumi. Ngumi inaringa tu, kinachovunjika ni kifundo." Mpiganaji atandaze vidole, kwa sababu akikunja wakati unafunga, akija kukunja ulingoni damu haipiti. Ukimaliza, chomeka kidole chako kidogo chini ya bandeji. Kiingie, lakini kisicheze. Nimewafunga watu mikono maelfu ya mara na kipimo changu ni hicho hicho hadi leo. Wale wenye mikanda ya kisasa ya kunata watanicheka, nao wacheke, mradi vidole vyao visiwe vya bluu.

Kosa langu la kwanza kubwa alilishuhudia yeye. Magunia yetu ya kupigia tulikuwa tunayajaza wenyewe, mabaki ya nyuzi za katani na vumbi la mbao. Msimu wa vuli mvua ikapita kwenye paa, gunia likanywa maji wiki nzima, likawa zito na gumu kama ukuta. Mimi nimesimama na filimbi yangu, nafoka: "Piga! Piga kwa nguvu!" Kijana akapiga kwa nguvu, akavunjika kidole cha kati. Mzee Semboja hakunikaripia. Aliniuliza tu kama nililigusa gunia kabla ya kumwambia mtoto wa watu alipige. Sikuwa nimeligusa. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kulipiga, mkono mtupu, watu wakidhani nina hasira zangu za nyumbani.

Lakini hata Mzee Semboja kuna alilokosea, na mimi nikalirithi zima zima. Zamani zetu mpiganaji hapewi maji mazoezini. Tuliamini maji yanalegeza miguu. Unapewa funda moja, unasukutua, unatema, na mzee amekukazia macho kooni aone kama umemeza. Ukizidi uzito, dawa ni ile ile: unavaa makoti mawili, unakimbia juani, hunywi. Leo mna wataalamu wa lishe na chupa zenye mistari. Sisi tulikuwa na jua la Korogwe.

Mwanaidi alikuja kwetu kudai ndoo. Shangazi yake alikuwa anauza maharage sokoni, na sisi tulikuwa tumeiazima ndoo yake kwa ajili ya kona tukasahau kuirudisha, au tuseme tulijisahaulisha. Binti akaingia, mwembamba, ana miaka kama kumi na saba, amejifunga kanga kiunoni. Akauliza ndoo iko wapi. Nikamwambia asubiri raundi iishe. Akasubiri, akatazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, huyu mbona akipiga anafumba macho?"

Nilikuwa nimemfundisha yule kijana miezi minane na sikuwa nimeliona hilo. Nikamvalisha binti glovu, nusu kwa utani, nusu kwa kisirani. Alikuwa mashoto. Ngumi yake ya kushoto ilitoka bila kuaga, na ilipofika gunia likatikisika mpaka kwenye mnyororo. Ndoo aliirudisha kwa shangazi siku hiyo hiyo, na yeye akarudi kesho yake.

Ilibidi niende Misima kwa baba yake, Mzee Rajabu, maana huwezi kumfundisha binti wa watu ngumi kimyakimya halafu ukategemea amani. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua, habari za mifugo, habari za kila mtu aliye hai, ndipo nikalitoa langu. Akaendelea kupukuchua kama mahindi matatu hivi.

"Atapigwa?" akauliza.

"Atapigwa, mzee. Ila atapiga zaidi."

"Mama yake angekuwa hai ningemwachia yeye ajibu. Sasa sikiliza, mwalimu. Popote atakapokwenda awepo mwanamke mtu mzima. Na asivuliwe nguo mbele ya wanaume, hata kwa hicho kipimo chenu cha uzito. Hayo mawili."

"Nimekubali yote mawili."

"Basi muulize na bibi yake. Yule ndiye mwenye mtoto."

Bibi, mama yake Mzee Rajabu, alikuwa ameketi mlangoni anachagua choroko. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasema mtoto aende, ila nimrudishe na meno yake. Nikaahidi meno.

Mwanamke mtu mzima nilimpata Mkumbara. Mama Naomi, Msambaa, muuguzi mstaafu, mwanakwaya wa kanisani kwao, mtu asiyepandisha sauti. Alikuwa hajui ngumi hata kidogo. Mwaka haukuisha akawa anajua kuzuia damu ya pua kuliko mimi, na akisema "Mikono juu, mama" kwa ile sauti yake ya zahanati, mikono inapanda.

Uzito tulipimia dukani kwa mfanyabiashara wa nafaka, kwenye mizani ya magunia. Pale hapana faragha, watu wanaingia na kutoka, na ahadi ya Mzee Rajabu nilikuwa nayo moyoni. Kwa hiyo wasichana walipanda mizani na suti za mazoezi na kanga juu, nami nikatoa kilo moja ya nguo. Hiyo ikawa sheria yangu. Mizani ikisema hamsini na mbili, mimi naandika hamsini na moja. Hakuna aliyenihoji. Nilijiona mtu wa heshima sana, na kwa kweli heshima ilikuwepo. Kilichokosekana ni kipimo.

Kwenye mashindano ya hapa nyumbani haikudhuru kitu, kwa kuwa Mwanaidi alikuwa mwepesi kabisa. Uzito wake ni ule mdogo wanaouita wa fly, yaani wa nzi, na kikomo chake wakati ule kilikuwa kilo hamsini na moja. Akashinda wilaya, akashinda mkoa, akashinda taifa. Akachaguliwa kwenda kwenye michezo ya kimataifa, ile mikubwa ambayo nchi zinapeleka wakimbiaji, waogeleaji, warusha mikuki na wapiga ngumi kwa pamoja. Mimi nikachukuliwa kocha msaidizi wa upande wa wanawake, na Mama Naomi akawa mlezi wa timu, kwa sababu Mzee Rajabu alisema bila Mama Naomi binti haendi, na Mzee Rajabu hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Kambini kulikuwa na nyama, mayai na maziwa kila siku. Mtoto aliyekulia kwenye dona na mlenda akanawiri, mabega yakajaa. Walinipa mizani ya umeme inayosoma hadi gramu. Nayo nikampandisha binti akiwa na suti ya mazoezi, nikatoa kilo yangu moja. Ile suti ya timu ilikuwa nailoni nyepesi, haifiki hata nusu kilo. Sikuipima. Niliandika hamsini na moja kwenye daftari, nikalala vizuri.

Tukasafiri. Kura ikampa bahati, akapita raundi ya kwanza bila kupigana, kwa hiyo pambano lake la kwanza likawa robo fainali. Elewa maana yake: kwenye michezo ile ukifika nusu fainali, hata ukipoteza, medali ya shaba ni yako. Pambano moja tu lilikuwa kati ya Mwanaidi na medali. Na timu moja kubwa ya mjini ilikuwa imeshamwambia akirudi na medali wanampa ajira, apigane akiwa na mshahara.

Uzito unapimwa asubuhi ya pambano, kwenye chumba cha wanawake, na wapimaji wanawake. Kuna mizani ya majaribio ya kujipimia mapema, na kuna mizani yenyewe. Kwenye ile yenyewe unapanda mara moja tu, na ukizidi, pambano huna. Siku mbili kabla, Mama Naomi alimpeleka kwenye ya majaribio akarudi na sura nyingine. Hamsini na moja na gramu mia saba.

"Alivua nguo?" nikauliza.

"Alivua, mwalimu."

Nilijibiwa nilichouliza. Nikafanya nilichofundishwa. Nikamvalisha makoti mawili, nikamkimbiza kwenye njia za kijiji cha wanamichezo, kwenye baridi ambayo jasho halitaki kutoka, na maji nikayafunga. Siku ya kwanza alisukutua na kutema. Siku ya pili nilimkuta ameshika chupa ya maji anaitazama tu, hajaifungua. Nikaichukua mkononi mwake. Hilo nimekaa nalo miaka yote hii, namna alivyoiachia bila kubisha.

Asubuhi ya kupima, midomo yake ilikuwa imepasuka. Wakaingia kwenye mizani ya majaribio, mimi nikabaki nje kwenye korido. Mama Naomi akatoka: zimezidi gramu mia mbili. Zimebaki dakika arobaini. Nikamwambia binti akimbie ngazi, akakimbia, hakutoka hata tone. Nikamwambia ateme kwenye chupa, hakuwa na mate. Nikatoa mkasi kwenye begi la huduma ya kwanza.

"Mlete nimkate nywele," nikamwambia Mama Naomi.

Akanishika mkono wenye mkasi. "Subiri kwanza, mwalimu. Nywele hizo hazifiki gramu mia mbili."

"Sasa tutatoa nini? Si amevua kila kitu?"

Mama Naomi akatazama sakafu. Mtu mzima, muuguzi, amezalisha wanawake miaka na miaka, akashindwa kunitazama usoni. "Mwalimu," akasema taratibu, "wewe ni Mzigua. Mimi nilidhani unajua."

Nikakaa kwenye benchi. Ndiyo, nilijua. Nilikulia nyumba ya wanawake, nilioa, marehemu mke wangu alikuwa nazo. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, anafundwa, na akitolewa bibi yake anamfunga shanga kiunoni. Ni siri ya wanawake, na mwanaume mwenye adabu hazitaji. Basi mimi adabu yangu ilikuwa imevuka mpaka. Sikuzitaja, na sikuzifikiria hata mbele ya mizani inayosoma gramu.

"Nyuzi ngapi?" nikauliza.

"Saba. Zile za kioo."

Mama Naomi alidhani nimeshazihesabu ndani ya kilo yangu ya nguo. Mwanaidi naye alidhani hivyo hivyo. Kila mmoja wetu alikuwa anamstahi mwenzake, na mtoto anakauka.

"Azivue."

"Hataki. Anasema bibi yake alimwambia zitavuliwa na mkono wake yeye tu. Mimi kwetu hatuna jambo hilo, siwezi kumlazimisha."

Nikapiga simu Misima. Kule jua lilikuwa limeshapanda. Akapokea Mzee Rajabu, nikamwomba bibi, na nilipomwambia shikamoo bibi nikakwama. Unaanzaje kumwambia bibi wa watu habari ya shanga za mjukuu wake? Nikampa simu Mama Naomi. Akaeleza kwa sauti ya chini, akasikiliza, kisha akanirudishia. "Anakutaka wewe."

"Mwalimu," bibi akasema, "wasemaje mtoto mzito? Mimi namjua, hana uzito. Amekula nini leo?"

"Hajala, bibi."

"Jana?"

"Kidogo."

"Maji?"

"Siku mbili hajayanywa, bibi."

"Shanga nilizifunga mimi, na akirudi nitazifunga tena, hazina neno," akasema. "Hiyo kiu ya siku mbili utamfungua na nini?"

Akakata simu. Mama Naomi akampelekea binti maneno ya bibi yake. Alikuwa amepungua hivi kwamba nyuzi ziliteremka zenyewe kwenye nyonga, hakuna uliokatwa. Akapanda mizani yenyewe, akapita, zimebaki gramu kumi na tano kufika kikomo. Mama Naomi akatoka na leso imefungwa fundo, ameishika kwa mikono miwili. Nikaipima kwa macho tu. Ningejua mapema, zile siku mbili za kiu zingekuwa mazoezi mepesi ya nusu siku.

Tulimpa maji, uji, maji ya chumvi na sukari. Lakini mwili si tangi, vijana wangu. Saa chache hazirudishi siku mbili.

Jioni alipanda ulingoni na msichana mrefu, mwenye mikono mirefu. Raundi ya kwanza Mwanaidi alimfundisha. Kushoto kulitoka bila kuaga, kama siku ile ghalani, na watu wasiomjua wakaanza kumshangilia. Raundi ya pili ilikuwa sawa kwa sawa. Alipokuja kukaa kwenye kona nikaona ngozi yake kavu, mtu aliyepigana raundi mbili hana jasho. Aliniambia, "Kocha, miguu haisikii." Raundi ya tatu alisimama kwa moyo peke yake. Hakuanguka. Majaji watatu wakampa yule, wawili wakampa Mwanaidi.

Kosa la mizani ni kosa la kazi, na kazi ina makosa. Lililofuata ndilo baya. Tulipofika uwanja wa ndege, mtu wa redio akanisogezea kinasa sauti, akauliza nini kilitokea. Ningeweza kusema nimekosea, bila kutaja shanga za mtu. Maneno mawili tu: nilimnyima maji. Badala yake nikasema, "Binti alipigana vizuri, ila pumzi zilimwisha."

Korogwe yote ilisikiliza. Misima walisikiliza. Ile timu ya mjini ilisikiliza pia, wakasema wanatafuta mtu mwenye pumzi. Ajira ikaishia hapo. Neno likashuka barabarani, likawa la kuwachekea wavivu, mpaka leo liko kwenye midomo ya watoto wa bodaboda. Mwanaidi hakuniuliza kitu. Alinisalimia kama zamani, shikamoo kocha, akaendelea na mazoezi miaka mingine mitatu, kisha akaolewa Handeni mjini. Nami nilijiambia kuwa amesahau, kwa sababu ilinifaa kuamini hivyo.

Siku ile ya stendi, nilipoiacha kahawa, nilipanda basi kwenda Handeni. Mwanaidi anafundisha wasichana kwenye ukumbi mmoja pale, kumi na wawili. Niliwakuta wamekaa chini wanapumzika, kila mmoja na chupa yake ya maji, na pembeni kuna mizani nyuma ya pazia. Akanipokea, akanipa kiti, akawaambia wanafunzi wake wanisalimie. Shikamoo zikaja kumi na mbili. Nikaona nikikaa kwenye kile kiti nitapiga soga na kuondoka, kwa hiyo nikabaki nimesimama.

"Mabinti," nikasema, "mmesikia watu wakisema pumzi za Mwanaidi."

Wakatazamana. Mmoja akainamisha kichwa kuficha kicheko.

"Kocha wenu hakuishiwa pumzi. Alipigana baada ya siku mbili bila maji, na aliyemnyima ni mimi, kwa hesabu yangu mbovu. Medali ile niliipoteza mimi. Halafu nikasema uongo redioni."

Nilimtazama Mwanaidi. Alikuwa anafunga bandeji mkononi mwa msichana mmoja, na hakuacha kufunga. Alimaliza, akachomeka kidole chake kidogo chini ya bandeji kuipima, ndipo akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa ile ile ya siku aliyokuja kudai ndoo.

"Rudia, kocha," akasema. "Hawa wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia, kwa sauti kubwa.